Mgomaji wa Kopo la Mwisho

Fundi Saa aliishi nyuma ya duka lake, katika chumba chenye kitanda, jiko na rafu ya nyoka. Nyoka wenyewe hawakuwa na sumu, lakini jirani zake hawakutaka kusikia habari hiyo. Waliacha saa zao kwenye kaunta na kurudi kinyumenyume, kana kwamba nyoka ndiye angewaletea risiti. Mkewe, alipokuwa hai, aliwavumilia. Binti yake muuguzi naye aliwavumilia. Kilichomshinda binti ni macho ya baba yake.

Maana saa zilikuwa zimeanza kurudishwa. Moja ilirudi mshale wa dakika umepachikwa mahali pa mshale wa saa.

"Baba, siku nikijua huoni, tunafunga duka unahamia kwangu," binti alimwambia. "Na hapo sitaki mjadala."

"Mimi? Naona kuliko wewe," alijibu mzee, akijua fika kwamba anadanganya.

Ndipo mayai ya nyoka yakaanguliwa. Kila kitoto kiliwekwa kwenye kopo lake la plastiki lenye matundu na maranda kidogo. Nyoka mchanga hali kitu mpaka ajivue gamba la kwanza, kwa hiyo mzee alisubiri, akayaokota magamba aliyoyaona, kisha akaanza kuwalisha vitoto vya panya visivyoota manyoya. Vilikaa vimeganda kwenye friji. Alivipasha kwa maji ya vuguvugu na kuvishika kwa kibano kilekile cha kushikia skrubu za saa. Wateja hawakuambiwa.

Wote wakala, isipokuwa wa kopo la mwisho. Mzee akambatiza Mgomaji.

Asiyekula hashikwi, hiyo ni sheria ya wafugaji: ukimshika ataogopa, na akiogopa ndiyo umempoteza. Mzee aliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Aliinama tu juu ya kopo, akaona kitu cheupe kimejikunja pembeni, akasikitika. Amepauka kwa njaa, maskini. Alikisugua chakula chake kwa mkia wa mjusi aliyemnasa ukutani, kwani wakaidi wengi huingia mkenge kwa harufu hiyo. Alifunika kopo kwa kitambaa. Alizima hata redio. Kila alipofunua, panya alikuwa palepale.

Ilimuuma. Hakuwa amewahi kupoteza kitoto hata kimoja, na siku hizi hiyo ndiyo kazi pekee ambayo hakuna mtu aliyemrudishia.

"Bado tu?" binti aliuliza kwenye simu.

"Bado. Ni kichwa ngumu kama mama yako."

Jumapili binti akaja mwenyewe. "Hebu nimwone huyo mgomaji wako."

Akafungua kopo. Akanyamaza. Mzee aliujua ule unyamavu. Alikuwa amewahi kuusikia wodini, mkewe alipokuwa amelazwa.

"Amekufa?"

"Hajafa, Baba."

"Sasa nini?"

Binti akamshika mkono, akakiingiza kidole chake ndani ya kopo. Kidole kikagusa kitu kikavu, chepesi kama ganda la kitunguu. Lilikuwa gamba. Siku zote hizo mzee alikuwa analibembeleza gamba ili lile chakula.

Akaketi kitandani. Binti akaketi kando yake.

"Kifuniko," mzee alisema mwishowe. "Nilikifunga?"

"Upande mmoja haukubana."

Wakaanza kutafuta. Binti alitafuta kwa macho. Mzee alipapasa chini ya kitanda, wala hakuficha tena kwamba haoni. Binti akavuta kigoda, akapanda, akachungulia nyuma ya saa kubwa ya ukutani.

"Yuko huku."

"Amekonda sana?"

"Kukonda wapi! Tumbo limetuna, na bado ana mkia wa mjusi mdomoni."

"Anakula!" Mzee alipiga makofi, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Kumbe hakugoma! Alichoka na panya wangu wa barafu! Usimguse, mama, mwache amalize."

Wakasimama hapo chini ya saa.

"Umebaki kiasi gani?"

"Kidogo."

"Sasa?"

"Ncha tu."

"Sasa?"

"Umeingia wote, Baba."

Mzee akashusha pumzi. Furaha ilikuwa bado imemjaa usoni, na saa za dukani zilisikika, kila moja na mwendo wake.

"Kwenye droo kuna kadibodi na kalamu," akasema. "Andika tangazo, duka limefungwa."

"Si lazima iwe leo, Baba."

"Andika, mwanangu. Ningeandika mwenyewe, ila siioni mistari."