Picha Yenye Utepe Mweusi

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, nikueleze jinsi nilivyokaribia kuipoteza filamu yangu ya kwanza. Haikuwa kwa kuharibika kwa kamera, wala si kwa mvua. Nitakwenda polepole, maana najua una simu yenye kamera nzuri na unajiuliza uanzie wapi. Mimi nilianzia Karatu, kwenye studio ya chumba kimoja yenye pazia la bluu ukuta mmoja na jekundu ukuta wa pili.

Tulipiga picha za pasipoti, za kipaimara, za harusi. Tulitengeneza na picha za misiba. Kwetu mtu akifariki, ndugu wakishapeana taarifa huanza kutafuta picha yake. Wanaleta kitambulisho, wanaleta simu, wanaleta hata picha ya sherehe ya zamani ambayo marehemu amesimama nyuma ya watu kumi. Mimi namtoa pale, namkuza, naandika jina lake chini kwa herufi za dhahabu pamoja na miaka yake, kisha nafunga utepe mweusi kwenye kona ya fremu. Picha hiyo hutangulia mbele ya jeneza, na baada ya mazishi hutundikwa sebuleni. Akina mama waliipokea kwa mikono miwili na kuniita mwanangu. Hiyo ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote, na niliifanya kwa moyo.

Lakini nilitaka filamu moja iwe yangu. Harusi si yangu, ni ya maharusi na mshereheshaji. Watalii wanaokuja kushuka kreta kutazama wanyama nao huja na mpiga picha wao, mimi hubebeshwa stendi ya kamera. Nikaamua nitafute mtu mmoja, nikae naye, nimfuate taratibu.

Mwalimu mmoja wa kike aliyefundisha Wasso, ambaye nilipiga picha za harusi ya rafiki yake, aliniambia habari za baba yake huko Piyaya. Alisema mzee huyo humtambua kila ng'ombe wake kwa mlio wa kengele, hata akiwa amefumba macho. Sikulala vizuri wiki ile.

"Filamu ya nini?" mama aliniuliza tukipalilia mahindi.

"Ya mzee anayechunga ng'ombe, huko Piyaya."

"Ng'ombe si hawa hapa? Mpige baba yako."

"Baba hapendi kamera, mama."

"Na huyo mzee wa huko anaipenda?"

"Bado sijamuuliza."

Mama alicheka mpaka akaegemea jembe.

Nilipandia basi Mto wa Mbu, lile linalopitia Sale. Kutwa nzima ya vumbi, begi la kamera nimelipakata kama mtoto mgonjwa. Wasso nikachukua bodaboda. Mwalimu alikuwa likizo, akanipokea bomani kwao, na yeye ndiye aliyenitafsiria. Lugha yao, Kimaa, mimi nilijua salamu tu.

Mzee alinitazama, akatazama mzigo mgongoni kwangu, akasema neno, wote wakacheka.

"Anasema nini?"

"Anasema Wambulu mnajua kulima, lakini hajui kama mnajua kukaa."

Nilikaa. Nilikwenda mara tatu, kila mara siku kama kumi. Siku hizo zilikuwa ndefu. Mwalimu akirudi kazini nilibaki na watu waliokuwa wema kwangu bila neno hata moja kati yetu. Nilipewa maziwa, nilioneshwa mahali pa kulala, watoto waliniinamishia vichwa niwaguse kama ilivyo heshima yao. Kisha maongezi yakaendelea juu ya kichwa changu. Nikawa najisemesha mwenyewe Kiiraqw, lugha yetu Wambulu, nikienda mtoni, nisikie tu kwamba sauti bado ipo.

Kuna kazi moja katika filamu ambayo watu hawaijui. Kila mahali unapopiga, lazima urekodi sauti ya mahali penyewe, dakika moja nzima bila mtu kusema wala kusogea. Baadaye, ukikata maneno, ukimya huo ndio unaoziba mapengo. Kwa hiyo kila siku nilisimama peke yangu malishoni na vipokea sauti masikioni, nimeganda. Siku moja mzee alikuja kusimama kando yangu. Tulipomaliza aliniuliza kwa Kiswahili chake kichache:

"Nani anaongea humo?"

"Hakuna mtu, mzee."

"Unasikiliza hakuna mtu?"

"Ndiyo."

"Pole," akasema, akanishika bega, akawafuata ng'ombe wake.

Nilirudi Karatu nikiwa nimebakiza sehemu moja tu: ng'ombe wakirudi bomani jioni, kengele zote pamoja. Niliisubiri mvua ipite. Mwalimu akanipigia. "Baba hatunaye," alisema. Alisema hivyo tu, na sauti yake ilikuwa tulivu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia la bluu, na mteja alipoingia nikamwambia tumefunga.

Halafu nikafanya nilichojua kufanya. Nilichagua picha yake iliyo bora, ameangalia pembeni, jua la asubuhi shavuni. Nikaikuza kuliko picha yoyote niliyowahi kukuza. Nikaandika jina lake lote kwa dhahabu. Miaka sikuijua, nikaweka maneno ya kumwombea pumziko. Nikafunga utepe. Kutoka Mto wa Mbu hadi Wasso nilisimama nusu ya njia ili kioo kisivunjike.

Bomani walikuwa wamekaa nje, mjane wake, wanawe, na mzee mmoja jirani. Nilisimama kama tunavyosimama kwetu kwenye msiba. Nikafungua kanga niliyoifungia fremu, nikaishika mbele ya kifua, nikamtaja mzee kwa jina lake, nikasema tumempoteza baba.

Kisha mjane alivuta shuka usoni, akainuka, akaingia ndani. Wanawe waliangalia chini. Yule jirani alisema jambo taratibu, bila kunitazama.

"Anasema nini?" nilimuuliza mwalimu.

Nilipouliza tena akajibu: "Anauliza nani amekutuma umwite."

Katika familia ile mtu akishaondoka jina lake huachwa. Halitajwi, hasa mbele ya mkewe na watoto. Mimi nilikuwa nimelitaja kwa sauti, na nililiandika kwa dhahabu, na nilikuwa bado nimeliinua juu ili kila mtu alione. Kwenye simu mwalimu hakulitaja hata mara moja. Nilikuwa na masikio ya kurekodi ukimya, na huo sikuusikia.

Nilirudi Wasso na fremu yangu siku hiyo hiyo. Nilikaa nyumba ya wageni siku mbili, nikijua filamu imekwisha. Bila ruhusa yao nisingeionyesha popote. Na nilikuwa na ndoto ambayo sikuwahi kumwambia mtu, ya kuionyesha Piyaya kwanza, kwenye ukuta wa shule, wote wamekaa chini wakicheka jinsi mzee anavyonitania. Kila siku nilikunywa chai kwenye mkahawa ule ule, meza ile ile. Mwenye mkahawa alidhani mimi ni mgonjwa nasubiri majibu ya hospitali.

Siku ya tatu mwalimu aliingia, akaketi mbele yangu, akasukuma kikombe changu pembeni.

"Kaka, nyinyi Wambulu mna haraka hata ya kulia."

"Nisamehe, dada."

"Mimi ndiye niliyepaswa kukuambia. Nilisahau kwamba hujui. Umekaa kwetu mpaka nikasahau."

Neno hilo lilinichoma na kunifariji kwa pamoja.

Akanieleza alichosema mama yake. Picha ile niende nayo mimi mwenyewe niliyeileta, isirudi tena Piyaya. Jina lisisikike popote katika filamu. Uso wake unaweza kuonekana na watu wa mbali wasiomjua. Lakini waliomjua wasimwone tena: filamu isiletwe bomani, wala shuleni, wala kwenye simu ya mtoto yeyote wa pale.

"Na ng'ombe?" niliuliza. "Ile jioni niliyobakiza?"

"Mama anasema ng'ombe watarudi tu, ukiwepo usiwepo. Njoo ukae kimya."

Nilikwenda. Mjane alinipokea kwa maziwa, na hakuna aliyezungumzia yaliyopita. Jioni ng'ombe walirudi, nikapiga, nikarekodi dakika yangu.

Kisha zikaja wiki tatu za kuhariri, nikiwa peke yangu nyuma ya studio, mlango umefungwa. Nilisikiliza kila sekunde nikitafuta jina. Majirani walikuwa wamemwita kutoka mbali mara nyingi kuliko nilivyokumbuka. Kila nilipolikuta nililikata, na pengo nililiziba kwa ukimya wa malisho yale. Nilipomaliza hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Mama alitazama, akasema, "Anafanana na mtu mwema," akarudi jikoni.

Filamu ilionyeshwa Arusha, ukumbini, mchana. Watu walipiga makofi, na mmoja akanipa kazi nyingine, kisha nyingine, na leo ninaishi kwa kamera. Nakuambia hili ili usikate tamaa, kwa sababu ukikosea huwa kuna njia ya kurekebisha, japo si yote. Siku ile nilitazama nyuso za ukumbi mzima. Wote walicheka mzee alipotania, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kumsikia akiwaita ng'ombe wake. Waliomjua walikuwa Piyaya, na kule siwezi kuipeleka.

Kwa hiyo, utakapokwenda kwa watu wasio wa kwenu, acha begi likiwa limefungwa. Mtafute mwenyeji mmoja, kaeni kando, umuulize: hapa kwenu, picha ya mtu aliyefariki huwa mnaifanyaje, na jina lake je? Andika jibu kwenye daftari, umsomee alichosema, akurekebishe. Hapo ndipo utoe kamera.