Mtoto Aliyezaliwa Mwaka 52231

Mwanangu alizaliwa tarehe 3, mwezi wa tisa, mwaka 1996, na mie nilikuwepo. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna bwana mkubwa mmoja aliyenithibitishia, kwa sahihi na muhuri, kwamba alizaliwa tarehe 768, mwezi wa 2304, mwaka 52231.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya Mji Mkongwe iliyokuwa ikitoa vyeti vya kuzaliwa. Sitoitaja, waliokuwemo wanajijua. Elimu yangu ni kidato cha nne, na juu yake cheti cha kompyuta nilichokisomea mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, ghorofani juu ya duka la vitambaa, mtoto akininyonya huku mkono mmoja nnapiga chapa. Basi pale ofisini nikawa ndiye mtu wa kompyuta, kwa maana ya mtu wa kutumwa.

Siku moja ikaja mashine ya msaada. Kubwa kama friji, imeletwa kwa gari, imepokewa kwa soda na hotuba. Mkuu wetu akaiita Mtambo. Kiyoyozi kikang'olewa chumba cha kusubiri, walikokaa wanawake na vichanga vyao, kikatiwa chumba cha Mtambo. Mke wa Mkuu akaufumia kitambaa cheupe cha maua. Sie makarani tukaendelea kujipepea kwa mafaili.

Asilolisema mtu katika zile hotuba ni kwamba prosesa yake, yaani ule ubongo wenyewe, ilikuwa ya aina ambayo kiwanda kimeshaacha kuitengeneza. Wenzetu wa Ulaya walikuwa wanasafisha stoo, sie tukapiga vigelegele. Ndani yake mlikuwa na Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na programu ya vyeti pamoja na maandishi yake yote, ambayo mtu yeyote ameruhusiwa kuyasoma na kuyarekebisha. Mtu yeyote, isipokuwa mwanamke wa kidato cha nne.

Kazi ilikwenda hivi. Tunaandika habari za mtoto kwenye kompyuta zetu ndogo za kawaida, tunazitia kwenye diski, nnaipandisha diski juu, Mtambo unachapa cheti kwenye karatasi nzuri yenye ukingo wa dhahabu. Siku ya kwanza tu tarehe zikatoka za ajabu. Nikamwonyesha Mkuu.

"Mashine ya Ulaya hiyo, bibie. Haikosei. Mnaokosea ni nyie."

Akatia sahihi. Ndivyo alivyokuwa akitia sahihi: simu sikioni, macho dirishani, mkono unakwenda peke yake kama wa cherehani. Kufuta kwa korekta alikataza, ati cheti kitaonekana cha kughushi. Mwaka 52231 ulikuwa halali, korekta ndiyo haramu.

Nakiri nilicheka. Nilicheka mpaka Jumatatu nilipompeleka mwanangu kuandikishwa darasa la kwanza, na cheti chake cha Mtambo mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Cheti." Mwalimu mkuu akavaa miwani, akasoma, akaivua, akaivaa tena. "Bibi, huyu mtoto hajazaliwa."

"Huyu hapa, mwalimu, kanishika buibui."

"Namuona. Lakini mie naandika cheti kinavyosema, na cheti kinasema tumngoje. Niletee cha sawa. Ijumaa saa tisa nafunga uandikishaji. Asiyekuwemo, mwakani."

Mwakani! Mtoto keshamaliza miaka sita, wenziwe wote wa jengo letu pale Michenzani wameshashonewa sare, naye kila asubuhi ananiuliza kama ni leo. Nikarudi kwa Mkuu, na safari hii sikucheka.

"Atakuja mtaalamu," akasema.

"Lini?"

"Ramadhani ikishapita."

"Ramadhani si imepita juzi?"

"Basi ile nyengine."

Jumanne nikaenda kwenye duka la intaneti, nikawaandikia watu wa dunia nzima wanaozungumza mambo ya Linux, kwa Kiingereza changu cha skuli. Walinijibu watatu. Wa kwanza alisema prosesa hiyo imekufa, niitupe ninunue nyengine. Wa pili aligombana na wa kwanza juu ya lini hasa ilikufa. Wa tatu alisema anayo kama hiyo chumbani kwake, anaipenda sana, ila haiwaki. Asanteni, waungwana.

Jumatano nikauchokoza Mtambo wenyewe. Nikaandika mtoto wa uongo, nikampa mwaka wa 1. Mtambo ukachapa 256. Nikampa mwaka wa 2, ukachapa 512. Nikampa 256, ikatoka 1! Nikajaribu 257, na 257 ikatoka 257 vile vile, safi, haijabadilika hata chembe. Nikakaa kuitazama ile karatasi. Wazimu hauna utaratibu, na huu ulikuwa nao. Mashine haikuwa imeharibika. Ilikuwa inafanya jambo moja, kila mara, kwa uaminifu, na mie ndiye sijui ni jambo gani.

Alhamisi jioni nipo nyumbani nnachambua mchele. Mwanangu kakaa sakafuni na daftari jipya nililomnunulia kwa ajili ya hiyo skuli isiyomtaka. Nikamuona kaligeuza, anaandika ukurasa wa mwisho.

"We, unaanzia wapi?"

"Mwanzo."

"Huko ni mwisho, mwanangu."

"Chuoni ndo mwanzo," akanijibu, hata hajainua kichwa.

Kweli. Yeye alikuwa kasoma chuoni tu, kwa maalimu wa Kurani, na juzuu hufunguliwa kuliani. Daftari la skuli hufunguliwa kushotoni. Kitabu ni kitabu. Inategemea nani kakufundisha kushika.

Nikaweka ungo chini. Kule juu ya duka la vitambaa tulifundishwa kwamba kompyuta huhifadhi namba kama hizi kwenye visanduku viwili: kidogo cha kuhesabu moja moja mpaka 255, na kikubwa cha kuhesabu 256 ngapi zimo. Kompyuta zetu zinatanguliza kidogo. Itakuwa Mtambo unatanguliza kikubwa. Kwa hiyo ukipewa kitu chetu unakisoma kinyume, na 257, ambayo visanduku vyake viwili vinalingana, haidhuriki. Kompyuta zetu zimesoma skuli, Mtambo umesoma chuoni, na hakuna aliyewajulisha.

Ijumaa adhana ilipotoka, ofisi ikabaki ya wanawake. Mkuu alikwenda msikitini na ufunguo akauacha pale auachapo siku zote, chini ya kitambaa cha mkewe. Niliingia. Baridi ya mle ndani, wallahi, mpaka nikajifunga kanga ya pili. Nikatafuta katika maandishi ya programu pale inaposoma namba za tarehe, nikaongeza mstari mmoja: pindua visanduku. Nikaiamuru mashine iijenge programu upya. Ikakataa, nimesahau nukta-mkato. Nikaitia. Ikakubali. Nikatia diski yenye mwanangu.

Tarehe 3. Mwezi wa 9. Mwaka 1996.

Nilikichomeka cheti katikati ya bunda la vyeti vya wengine, nikaurudisha ufunguo, nikaketi kwenye meza yangu kama sijui kitu.

Mkuu alirudi saa saba na nusu, ananukia udi na biriani, simu sikioni. Mkono ukaenda: sahihi, sahihi, sahihi. Cha mwanangu kikapita kama kilivyopita cha mtu wa mwaka 52231. Nilitoka mbio, buibui linanipepea mpaka wauza kahawa wakaniuliza nani kafa.

Mwalimu mkuu akavaa miwani. Akasoma mara mbili.

"Ehe," akasema. "Sasa kazaliwa." Akamwandika.

Jumatatu Mkuu akaniita juu. Mkononi ana vyeti viwili, kimoja cha zamani chenye mwaka wa ajabu na kimoja kilichochapwa asubuhi ile, na uso wote kicheko.

"Unaona, bibie? Umejirekebisha wenyewe. Mashine ya Ulaya hiyo. Nilikwambia haikosei."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu, na mengine ningeyajutia. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na robo, na mwanangu alikuwa keshakaa darasani, daftari kaligeuza nyuma mbele.

"Naam, Mkuu," nikamwambia. "Na wale waliokwishapewa vya zamani, niwaite?"

Simu ikalia. Akaipokea.