Mashahidi wa Kazi za Shemeji

Barua ya Kanada ilipofika, kitu cha kwanza nilichotazama ni gundi ya bahasha. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, nakaa kwa dada yangu Old Kampala, na kichwa changu kilichozoea kuchambua vitabu sasa kilikuwa hakina cha kuchambua ila watu. Ile bahasha ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa tena. Au pengine gundi ya huko ndivyo ilivyo. Niliigeuza na kuigeuza mpaka dada akaninyang'anya.

“Utaisoma au utaila?”

Ilikuwa ya shemeji, mume wa dada, fundi umeme. Aliyeiandika ni Mhindi aliyekuwa tajiri wake, mkandarasi, aliyefukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake miaka michache kabla. Alisema mafundi wanatakiwa kule, ila kuna ofisi inayowapima kwanza wageni. Ofisi hiyo hairidhiki na vyeti vya shule. Inataka kazi zenyewe: jengo gani, ulifanya nini ndani yake, kwa muda gani, na kila kazi iwe na mtu aliyeiona kwa macho yake na kutia sahihi. Miaka waliyofanya kazi pamoja angeishuhudia yeye. Miaka iliyofuata, shemeji atafute mashahidi wake mwenyewe.

Nilimwuliza shemeji ana hakika gani kwamba barua imetoka kwa tajiri wake.

“Ameniita mvivu mara mbili,” alisema. “Ni yeye.”

Dada hakutaka majadiliano. Fundi mmoja aliyekuwa akisaidiana na shemeji alikuwa ameitwa kutengeneza taa kwenye nyumba fulani, na hakurudi. Mfuko wake wa vifaa uliletwa kwao na mtu asiyejulikana, akauweka kizingitini akaenda zake. Tangu siku ile, kila shemeji alipochelewa dada alikuwa hakai wala hasimami. Alitaka mumewe aondoke, na sisi tufuate baadaye. Kazi yangu ilikuwa kuandika hizo kazi kwa Kiingereza kizuri, kwa kuwa mimi ndiye niliyesomeshwa.

Shida ilikuwa moja. Mafundi wa wakati ule walikuwa na mtindo wao: kazi ikiisha, hakuna risiti, hakuna mchoro, hakuna jina la mwenye nyumba. Ukikamatwa njiani na mchoro unaoonyesha nyaya zinapita wapi katika nyumba ya mkubwa, utamweleza nani kwamba ulikuwa unatafuta mahali pa kuweka soketi? Kwa hiyo shemeji aliunguza kila kitu. Sasa tulitakiwa kukusanya upya kile alichokuwa amekiteketeza kwa makusudi.

Nilianza kwa kumhoji sebuleni. Majibu yake yalinitia wasiwasi zaidi. Alikuwa amefunga umeme katika nyumba za maafisa wa jeshi ambazo watu wengine hawakuthubutu hata kuzitazama wakipita. Aliingia na kutoka, na jioni akala chakula chake. Kwa nini yeye anatoka? Niliwaza hilo huku namwangalia akimenya ndizi. Labda kuna kitu anawapa. Labda anawaambia wanavyosema watu wa mtaani. Labda barua ni mtego, na mimi ninayeandika ndiye nitakayekutwa na kalamu mkononi. Usiku nilijiona mjinga. Asubuhi nikaanza tena.

Hata maneno yenyewe niliyaogopa. Niliandika “nyaya zilizofichwa ukutani”, nikasimama. Nani huficha nyaya ukutani ila mtu anayetaka kusikiliza watu? Nikafuta, nikaandika “nyaya ndani ya bomba”. Niliandika jina la nchi ya Kanada juu ya ukurasa, nikaliondoa. Nikaondoa nyumba zote za maafisa. Sikuthubutu kupeleka kazi Wandegeya kwa wapiga chapa, kwa sababu mpiga chapa husoma, na karatasi ya kaboni hubaki na maneno yote. Niliandika kwa mkono, herufi moja moja kama mtoto.

Ukurasa ulipobaki karibu mtupu, shemeji alisema, “Mimi tarehe sizikumbuki, majengo nayakumbuka. Twende nikuonyeshe.”

Wazo lilionekana la busara. Jumamosi asubuhi tulishuka kilima cha Old Kampala kuelekea madukani, yeye mbele, mimi nyuma na jalada na kalamu. Alisimama mbele ya jengo, akainua kidevu kuelekea mahali waya mkubwa unapoingilia chini ya paa, akasema, “Hili tulibadilisha bodi yote ya umeme, wiki mbili.” Mimi nikaandika. Tukahamia lingine. Mara akapapasa ukuta, mara akarudi nyuma kuhesabu madirisha.

Mimi nilikuwa nahangaika na watu walio nyuma yetu. Mwanamume mwenye gazeti. Muuza karanga ambaye hakuuza karanga. Nilikuwa na hakika tunafuatwa, na kwa sababu hiyo sikuona kilichokuwa kinatokea mbele yetu. Milango ilikuwa inafungwa. Mama mmoja aliingiza ndani cherehani yake bila kutuondolea macho. Kijana aliyekuwa akipiga soga barazani alipoliona jalada langu alivaa viatu akaondoka.

“Shemeji,” nilinong'ona, “watu wanatuogopa.”

“Wanakuogopa wewe. Kwa nini umevaa kama karani wa serikali?”

Nilikuwa nimevaa gauni refu la bluu na viatu vya mahafali. Sikuwa na viatu vingine vizuri.

Tulifika kwenye duka tulilolitaka hasa. Mwenyewe alikuwa mmoja wa wale tuliowaita mafuta mingi, watu waliogawiwa maduka ya Wahindi na kutajirika mara moja. Jina la zamani lilikuwa limepakwa rangi juu ya mlango lakini bado lilisomeka. Rafu zilikuwa tupu, isipokuwa tambi za majiko ya mafuta ya taa na viatu vya plastiki vya mguu mmoja. Shemeji alikuwa amemfungia swichi kubwa mpya baada ya tajiri kuondoka, kwa hiyo huyu alikuwa shahidi wetu wa kwanza wa miaka ile iliyokosa shahidi.

Alitoka mbio kabla hatujagonga, akituita bibi na bwana kwa Kiganda.

“Nyabo, karibu! Ssebo, karibu! Mimi iko na karatasi yote ya duka.”

“Hatukuja kwa karatasi za duka,” nilisema.

“Ndiyo, ndiyo.” Alinivutia kiti. “Wote wanasema hivyo. Nyabo atakunywa soda? Iko sukari kidogo, nyuma. Ya nyumbani, si ya magendo.”

Sukari ilikuwa haionekani mjini wakati ule. Nilielewa ghafla kwamba tumechukuliwa kuwa watu wa ile kamati ya kugawa maduka, ambayo ilikuwa na tabia ya kurudi na kunyang'anya ilichotoa.

Shemeji alicheka. “Bwana mkubwa, ni mimi. Fundi. Nilikufungia swichi hapo nyuma ya mlango.”

Yule bwana alimtazama vizuri, na hofu yake badala ya kupungua iliongezeka.

“Mimi sijui huyu mtu,” aliniambia mimi. “Swichi nilikuta. Kila kitu nilikuta. Sijabadilisha hata msumari.”

“Si uliniletea chai mwenyewe?” shemeji alisema. “Ukanilalamikia mke wako wa pili?”

“Sina mke wa pili!” alipiga kelele, na kutoka nyuma ya duka sauti ya mwanamke ikauliza nani anatajwa.

Tuliondoka bila sahihi. Njia nzima shemeji alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nafikiria jambo moja tu: mtu anayeogopa hivyo hakai na hofu yake peke yake. Huipeleka kwa mkubwa wake.

Sikukosea, na sikuwahi kuchukia kuwa sahihi kama siku hiyo. Kesho yake mchana gari lilisimama mbele ya nyumba. Alishuka kapteni, mtu mnene mwenye mwendo wa taratibu, na nyuma yake yule mwenye duka, amevaa suti.

“Ndio hawa, afande,” mwenye duka alisema toka mlangoni. “Wanaandika majumba. Mpaka mke wa pili wananisingizia.”

Dada alikuwa ameshika sufuria. Hakuiweka chini muda wote.

Kapteni alimwangalia shemeji, kisha akamgeukia mwenye duka.

“Huyu? Huyu fundi yangu! Wewe naleta mimi mpaka hapa kwa sababu ya fundi yangu?”

Mwenye duka alianza kufunga vifungo vya suti yake.

“Lakini hii mandiko,” kapteni aliendelea, na sauti ikashuka, “hii mandiko ni ya nini?”

Shemeji alinitazama. Nilikuwa nimewaza majibu ya swali hilo kwa wiki kadhaa, majibu ya urefu wa ukurasa, na sasa hata moja halikuja. Nilisema kilichobaki kinywani.

“Ni ya cheti, afande. Kuna ofisi inayopima mafundi. Inataka kujua kazi alizofanya na nani aliziona.”

“Lete.”

Nilimpa. Aliutazama ukurasa, akanirudishia. “Hii Kizungu. Soma kwa Kiswahili.”

Nikasoma. Hapakuwa na nchi mle, hapakuwa na barua, hapakuwa na afisa. Woga wangu ulikuwa umefuta kila kitu cha kutunyonga. Nilisoma jengo baada ya jengo, bodi, soketi, wiki mbili, mwezi mmoja, duka la bwana huyu. Nikamaliza.

Kapteni aliuchukua ukurasa, akaugeuza kutazama nyuma yake. Kisha akauliza, “Na nyumba yangu iko wapi?”

“Afande?”

“Nyumba yangu! Huyu nafunga nyumba yangu yote, juu na chini, taa ya nje, taa ya geti, jiko ya umeme. Duka ya huyu mtu iko, ya viatu moja moja, lakini nyumba yangu hapana? Nyumba yangu mbaya?”

“Hapana, afande.”

“Basi andika.”

Niliketi nikaandika, yeye amesimama juu ya bega langu anataja vyumba. Alitaka kila taa iingie. Alipofika kwenye taa ya bafu shemeji, Mungu amsamehe, alimsahihisha: “Ile hatukumaliza, afande. Waya ulikwisha.” Nilidhani dada ataangusha sufuria. Kapteni alikubali, ile tusiiandike.

Akatia sahihi, na cheo chake chini yake. Halafu akamnyooshea mwenye duka kalamu.

“Wewe. Huyu hajafunga swichi yako?”

“Alifunga, afande. Alifunga vizuri sana.”

“Na bibi ya pili?”

“Yuko, afande.”

Alitia sahihi kwa haraka kiasi kwamba jina lilitoka kama la mtu mwingine. Mlangoni kapteni alimgusa shemeji kifuani kwa kidole.

“Cheti ikitoka, nataka kuona.”

Usiku huo hatukusherehekea. Tulikuwa na shahidi ambaye ofisi yoyote ingemwamini, na ndiye huyohuyo ambaye asingepaswa kujua fundi wake anakwenda wapi. Nilisema tusitume. Nilisema alijua, alikuwa anatuchezea, anatungoja mpakani. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Yaliyoandikwa ni ya kweli au si ya kweli?” Nikasema ni ya kweli. “Basi yanakwenda.”

Hatukuwaamini mabwana wa posta. Karatasi zilivuka mpaka wa Kenya pale Busia na mwanamke mfanyabiashara wa vitenge, zikatumwa kutoka Nairobi, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo baada ya muda mrefu uliomkondesha dada. Ofisi ilikuwa imekubali kazi zote. Shemeji aliondoka asubuhi na mfuko wa vifaa begani kama mtu aliyeitwa kutengeneza taa Jinja. Majirani aliwasalimia kwa sauti ya kawaida. Mimi niliwahesabu waliomwitikia na nikawaza juu ya wale ambao hawakuitikia.

Kapteni alikuja wiki chache baadaye, peke yake.

“Fundi wapi?”

“Amefuata cheti, afande,” dada alisema.

“Mbali?”

“Mbali kidogo.”

Aliketi. Aliomba chai, dada akampikia, akainywa yote bila haraka. Aliitazama sebule yetu, kona moja baada ya nyingine, kisha akanigeukia.

“Wewe ndiye uliandika ile karatasi?”

“Ndiyo, afande.”

“Uliandika vizuri.”

Akaondoka. Nilikaa na maneno hayo mawili jioni nzima. Niliyasema kwa sauti yake, niliyasema kama sifa, kama onyo, kama kwaheri ya mtu anayetupa nafasi. Nilimweleza dada maana zote nilizozipata.

“Umemaliza?” aliuliza.

“Bado nafikiri kwamba—”

“Vaa viatu vya kutembea kesho. Si vile vya mahafali.”

Asubuhi tulifunga mlango kama watu wanaokwenda sokoni, kapu mkononi, na tukashika njia ya kituo cha mabasi ya Busia.