Mama Tisini na tiketi ya baba yake

Shata ya mlango wa duka haijafika hata magotini, na tayari kuna mkono umepenyezwa chini yake, umeshika tiketi.

"Dada, nilipe niwahi kazini," inasema sauti ya mwenye mkono.

"Hata taa sijawasha," anajibu mwanamke anayevuta mnyororo kutoka ndani. "Toa mkono kwanza. Ukikatika hapa, huo nao wataniambia niulipe."

Shata inapanda. Nje kuna watu kama ishirini, wengi wao wamekauka sauti. Jana timu ya mji iliingia fainali ya kombe. Mechi iliisha sare, dakika za nyongeza zikaisha sare, wakaenda kwenye matuta ya penalti, na huko kipa akadaka mawili. Mji mzima ulishangilia. Mwanamke huyu alizima redio, akapiga pasi sare yake ya kazi, akalala akijua asubuhi itakuwaje.

Mwenye mkono ni kinyozi wa mtaa wa pili. Anaiweka tiketi juu ya kaunta, anainyoosha kwa kiganja.

"Imeshinda, haijashinda?"

"Imeshinda."

"Basi nilipe."

"Imeshinda kwenye matuta. Wewe umecheza dakika tisini."

"Kwani hayo matuta ilipiga timu nyingine?"

Foleni inacheka. Mwanamke hacheki. Utani huo ameshausikia kwa kila sauti ambayo koo la binadamu linaweza kutoa.

"Nilikuuliza, au sikukuuliza?"

Kinyozi anakuna kichwa, safari hii chake mwenyewe. "Uliniuliza."

"Ukanijibu nini?"

"Nikasema hawa wanamaliza mapema."

"Wamemaliza mapema?"

"Wamechelewa, dada," anasema kinyozi, akiirudisha tiketi mfukoni. "Wamechelewa kama fundi cherehani siku ya harusi."

Anaondoka bila matusi. Kwa kazi hii, hilo ni jambo la kushukuru.

Wateja wanamwita Mama Tisini, na jina limemganda kiasi kwamba hata watoto wake wawili shuleni wanaitwa "wale wa Tisini". Ni keshia wa duka la kubeti, mwaka wa nane sasa. Anakaa nyuma ya kioo chenye tundu dogo la kuongelea, tundu ambalo limewekwa chini mno, hivyo kila anayetaka kumtukana inabidi kwanza ainame.

Chanzo cha matusi ni kanuni moja. Ukibeti kwamba timu itashinda mechi, hesabu inafungwa dakika ya tisini, pamoja na zile za majeruhi. Kinachofuata hapo, yaani muda wa nyongeza na penalti, ni cha wenye timu, si chako. Anayetaka kufuatana nao hadi tone la mwisho anatakiwa kuchagua "kusonga mbele" au "kubeba kombe". Hayo yanalipa kidogo zaidi, ndiyo maana hayana wapenzi.

Kwenye mechi za ligi hakuna anayekumbuka kanuni hiyo, maana sare ni sare, watu wanakwenda nyumbani. Balaa ni kombe. Kombe lazima mtu mmoja ashinde, na akishinda, mwenye tiketi naye anajihesabu ameshinda.

Kanuni zimeandikwa. Ziko kwenye bango zuri, la rangi mbili, lililobandikwa nyuma ya mlango. Duka likifungwa unaweza kuzisoma zote. Likifunguliwa, mlango unaegemea ukutani na kanuni zinaingia katikati.

"Nilishaomba lihamishwe," anasema. "Nikaambiwa ukuta ule mwingine ni wa matangazo."

Mshahara wake haumpi maringo. Karibu nusu inakwenda kwenye kodi ya vyumba viwili, robo inamezwa na ada, na kinachobaki, anasema, "ukikipangia bajeti unakionea tu". Hesabu ya jioni ikipungua, anakatwa yeye. Mteja akishinda pesa nyingi, anayeshukuriwa ni Mungu. Akikosa, anayeulizwa ni Mama Tisini.

"Mtu ananitazama kama mimi ndiye niliyepiga mpira ukagonga mwamba," anasema, akibadilisha karatasi ya mashine bila kuitazama. "Mmoja alinifuata msibani. Nimekaa na wafiwa, anakuja kupiga magoti kando yangu. Nikadhani ananipa pole. Kumbe anauliza habari za kona."

Wanaotukana amewazoea. Aliyemshinda ni mama mmoja muuza mboga, misimu miwili iliyopita. Ilikuwa mechi ya mikondo miwili. Timu yake ilifungwa bao moja siku hiyo, lakini ikasonga mbele kwa mabao ya mechi ya kwanza. Mama yule alikuja anatabasamu, amevaa kanga mpya. Alipoelezwa, alisema "ahsante", akageuka, akaenda.

"Angenitukana ningelala," anasema Mama Tisini. "Alisema ahsante."

Tangu siku hiyo, mechi za kombe zikifika, hachapi tiketi kabla ya kuuliza: "Dakika tisini, au mpaka mwisho?" Hakuna aliyemtuma. Wateja walinung'unika mwanzoni, kisha wakazoea, kisha wakaanza kumwigiza. Vijana wa pikipiki wanaulizana swali hilo hata wakipatana nauli.

Asiyezoea ni msimamizi wake. Kwa hesabu zake, swali moja mara wateja mia mbili ni foleni inayofika barabarani, na foleni ikifika barabarani watu wanakwenda kwa jirani. Ameshampa onyo la mdomo. La pili, amemwambia, litakuwa la maandishi.

Mama Tisini aliendelea kuuliza. Aliwauliza wote, walevi na wazima, wenye haraka na wasio na pa kwenda. Katika misimu miwili alimwacha mtu mmoja tu, na mtu huyo ni baba yake mzazi.

Mzee ni mshona viatu. Meza yake iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye kaunta ya bintiye. Si mtu wa kubeti. Anabeti mara moja kwa mwaka, kombe likifika robo fainali, kwa timu ya mji na si nyingine, na hata hiyo haiiti kubeti. Anaiita kutoa mchango.

Mwezi uliopita alikuja na shati lake la kutokea. Foleni ikampisha. "Mpisheni mzee, mpisheni baba yake Tisini," wakasema, na akafika mbele akitembea kama mgeni rasmi.

"Mwanangu, niwekee hawa," alisema. "Leo wanashinda."

Bintiye alifungua mdomo, akaufunga.

"Nyuma yake wanaume wamejaa, wengine amewashonea viatu vya shule," anasimulia. "Nimwulize una uhakika, mzee, unajua unachokicheza? Nikaona nitakuwa namwambia mbele ya watu kwamba mpira haujui. Baba yangu. Nikaona ni kumvunjia heshima."

Akapokea pesa kwa mikono miwili, akabonyeza "kushinda", kitufe ambacho kila mtu hubonyezewa, akamkabidhi tiketi. Foleni haikuchelewa hata kidogo.

Mechi ikaisha sare. Timu ikapita kwa matuta.

Kesho yake mzee hakuwahi. Alikuja jua limepanda, baada ya kuwatangazia wenzake wa pale mezani kwamba chai ya siku hiyo ni juu yake. Alipoambiwa, hakuelewa mara ya kwanza. Alipoambiwa mara ya pili, dereva mmoja wa pikipiki nyuma yake akasema, bila ubaya wowote, "Kwani mzee hakuulizwa? Mbona sisi wote tuliulizwa?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kawaida cha foleni.

Mzee aliikunja tiketi mara mbili, akasema "sawa", akatoka.

Kabla ya hapo hakuna jioni aliyopita bila kuingia kwa bintiye kunywa chai na kulalamika kwamba sukari imezidi. Sasa anawasalimu wajukuu getini, anawapa pipi, anashika njia yake. Mama Tisini alimpelekea pesa, kiasi kile ambacho tiketi ingelipa, zikiwa zimetoka kwenye ada ya muhula. Mzee alizisukuma zikarudi.

"Hizi ni zako," alisema. "Sijaja kwako kukopa."

Kisha binti akaandika malalamiko makao makuu, kwa niaba ya mteja, akieleza kwamba keshia hakumwuliza mteja alichokuwa akikusudia. Keshia mwenyewe ni yeye. Jibu lilirudi haraka: keshia hawajibiki kuuliza, huduma ilitolewa kwa wakati, suala limefungwa. Kwa macho ya kampuni, katika miaka minane, siku ile ndiyo aliyofanya kazi sawasawa.

"Nilisoma nikacheka," anasema, ingawa sura yake haina dalili ya mtu aliyecheka. "Wote wananiambia sina kosa. Mwenye haki ya kuniambia hivyo haongei na mimi."

Mchana, foleni ya waliopigwa na matuta ikiisha, anashusha shata kwa mapumziko na kutoka kwa mlango wa nyuma. Kiatu chake cha kushoto kimeachama mbele kama mdomo wa samaki. Ana jozi nyingine nyumbani. Amekivaa hiki kwa makusudi.

Mzee yuko mezani, kichwa chini, anapigilia kisigino.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Shikamoo haiachwi bila kuitikiwa, na mzee ameitikia. Nyundo inaendelea. Mama Tisini anakaa kwenye kigoda cha wateja, anavua kiatu, anakiweka mezani. Mzee anakitazama kwa muda. Mwana unaweza kumnunia, lakini kiatu kina mambo yake. Anakichukua, anakipindua, anaingiza kidole kwenye ule mdomo wa kiatu.

"Unataka gundi, au nishone?" anauliza.

"Wewe unaonaje?"

"Mimi sivai. Gundi ni rahisi, lakini mvua ikinyesha utarudi. Uzi unadumu, ila utaonekana. Sema."

"Unamwuliza kila mtu hivyo?"

"Kila mtu."

"Hata wanaokujua?"

"Marehemu mama yako nilikuwa namwuliza. Kila kiatu."

"Hakuona kama unamdharau? Fundi mzima, mume wake, humjui anachotaka?"

Mzee anaweka nyundo chini. "Angeona namdharau kama ningemshonea bila kumwuliza," anasema. "Ningekuwa nimemwambia, wewe kaa hapo, mimi najua zaidi yako."

Binti anatazama mguu wake ulio peku, anaukunja chini ya kigoda.

"Wale vijana uliwauliza," mzee anaendelea, sauti haijapanda. "Yule kinyozi, anayejinyoa vibaya mwenyewe, ulimwuliza. Nimefika mimi, ukanipokea kama mgonjwa. Mikono miwili, kichwa chini. Wakajua wote kwamba huyu mzee haulizwi tena, anapewa tu."

"Niliona aibu, baba."

"Ya nani?"

Anafikiri. "Yangu," anasema. "Nilisingizia yako."

"Ndiyo." Mzee anachukua uzi, anaulowesha kwa ulimi, anautazama kwenye mwanga. "Tena ungeniuliza ningekwambia mpaka mwisho. Timu yenyewe hii tangu lini inamaliza kitu ndani ya muda?"

Hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, Mama Tisini anacheka. Si kicheko kirefu. Kinatoka na kuishia njiani, kama mtu aliyekumbuka kwamba bado ana zamu ya jioni.

"Nishone, au?"

"Shona, baba."

Anashona. Anafanya kazi polepole, sindano inaingia na kutoka, naye bintiye anamtazama kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa mtoto, mguu mmoja ndani ya kiatu, mwingine nje. Katikati ya kazi, bila kuinua kichwa, mzee anasema, "Jumapili nitakuja. Ya fainali."

"Si ulisema mchango ni mmoja kwa mwaka?"

"Nitaweka kile kiwango cha chini kabisa. Sifuati pesa. Nataka uniulize, na uniulize kwa sauti, wasikie."

"Msimamizi anakuwepo siku ya fainali. Ameshasema safari hii ataandika barua."

"Wewe unaonaje?" anauliza mzee.

Barua ya onyo inamgusa mtu pabaya. Zikifika tatu, kazi imekwisha, na miaka minane ya kuzungumza kupitia tundu haimfundishi mtu kazi nyingine. Mama Tisini anavaa kiatu, anakanyaga chini mara mbili kukijaribu, anaaga. Mzee anaitikia kwa kichwa, mkono umeshafika kwenye kiatu cha mtu mwingine.

Njiani kurudi dukani anatembea bila haraka. Anakiri amechoka. Anasema angependa siku moja kupata kazi ya kaunta ambayo watu wanakuja kununua kitu, wanakipata, wanakwenda nacho nyumbani: duka la dawa, sabuni, hata misumari. Ameshaulizia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, lile lililo mbele ya meza ya baba yake. Hawajamjibu.

Kuhusu fainali, hana timu. Washinde wowote, kwa dakika zozote.

"Kitu kimoja tu," anasema, akivuta tena mnyororo wa shata kutoka ndani. Mikono miwili ya wateja imeshatangulia chini. "Nitawaambia vijana Jumapili wasimpishe. Asimame kwenye foleni kama watu wengine, afike mbele, nimwulize. Barua wataandika, nitaipokea. Halafu jioni apite nyumbani, aseme sukari imezidi."

Anakaa kwenye kiti, anakisogeza karibu na tundu.

"Haya, nani alikuwa wa kwanza?"