Nyuki wa Girdenis Waliomkosa Ndugu

Girdenis hakuwahi kuuza nyuki hata mmoja. Asali aliuza, nta aliuza, hivyo ni jasho la mtu. Lakini nyuki wenyewe, katika misitu ya Walithuania, hawauzwi wala hawanunuliwi. Kundi likihama kwako likatua kwa mwenzako, nyinyi ni ndugu tangu siku hiyo, na udugu huo haukatwi na mke wala mpaka wa shamba. Nyuki wakifa huzikwa kama watu, na ndugu wa nyuki huja kutia udongo.

Alianza kupanda miti ya mialoni kwa kamba ya ngozi, kufuata asali, kabla hajaota ndevu. Mguu wa kushoto ulipinda siku alipoanguka, akalala majuma matatu, akapanda tena. Mwaloni mkubwa kuliko yote, ule wa babu yake, ulikuwa na nyuki ndani ya pango lake tangu hapajawa na ngome wala wa kuigombania.

Girdenis huyu ndiye aliyemficha mwanamfalme Gedvilas, mwaka ambao binamu yake Sirvydas alimfukuza katika ngome ya babu yao. Gedvilas alitokea kwenye kinamasi na kiatu kimoja. Vaidote, mke wa Girdenis, akampa mkate mweusi na jibini, akala kama mbwa wa mkiwa. Alikaa kiangazi kizima, akajifunza kuchonga gogo la mzinga, na kundi kutoka mwaloni mkubwa likahama likaingia humo, wakawa ndugu. Mwanamfalme akalia, akaapa kwamba siku akirudi ngomeni msitu ule hautaguswa. Girdenis aliamini. Vaidote alisema machozi ya wakubwa ni manyunyu, hata nguo hayalowanishi.

Miaka ishirini mabinamu wale walinyang'anyana ngome. Kila aliyeishika alichoma vijiji vya mwenzake, na vijiji vilikuwa vilevile. Mwishowe Gedvilas akaenda magharibi kwa wapiganaji wa msalaba, wenye majoho meupe, akakubali kubatizwa ili wamsaidie kumng'oa Sirvydas. Malipo yao yalikuwa msitu wote hadi mtoni, pamoja na watu waliomo. Aliugawa kama mkate ambao hakuuoka yeye.

Kilibaki kinamasi kabla ya kuifikia ngome ya Sirvydas. Majira ya baridi huganda, lakini ilikuwa kiangazi, na njia ilikuwa moja tu: mawe yaliyolazwa chini ya maji na mababu, yenye kona anazozijua Girdenis peke yake, kwa kuwa wawili wengine waliozijua walikufa katika vita hivyohivyo. Gedvilas alituma mtu kumwomba ndugu yake awavushe. Girdenis akakubali. Ndugu ni ndugu.

Siku mbili baadaye wapiganaji wa msalaba wakafyeka mahali pa kupiga kambi, na mwaloni mkubwa wakauangusha na kuuchoma.

Girdenis aliwaokota nyuki kwenye majivu, kiganja kwa kiganja, akawafunga katika kitambaa cha kitani ambacho Vaidote alijiwekea kwa mazishi yake mwenyewe. Akaenda kambini akichechemea. Gedvilas alikuwa mezani na wageni wake, akamkaribisha kwa furaha na kumuuliza kama njia iko tayari.

"Kwanza kuna msiba," Girdenis akasema, akafungua kitambaa juu ya meza. "Hawa ni wetu, ndugu yangu. Njoo tuwazike, ndipo tuongee habari za njia."

Mkubwa wa majoho meupe alimuuliza mkalimani wake ni nini anachosema mzee yule. Alipoambiwa, akacheka hadi akaweka kikombe chini, akataka kujua kama mtu wa kubatizwa Jumapili bado anafanya matanga ya wadudu. Masikio ya Gedvilas yakawa mekundu.

"Mzee, ni nyuki tu," akasema. "Taja bei yako. Nitakulipa fedha, mzinga kwa mzinga."

Askari wa Kilithuania waliokuwa nyuma yake wakainamisha macho. Mmoja akavua kofia.

"Unanunua nyuki, Gedvilas," Girdenis akasema.

"Nanunua amani. Usinitie aibu mbele ya wageni."

"Basi udugu umekwisha. Na njia nilimwahidi ndugu yangu, sikukuahidi wewe."

"Nitakutundika."

"Nitundike. Halafu iulize maiti pa kukanyaga." Alikuwa akikunja kitambaa taratibu, asimwage hata nyuki mmoja. "Na binamu yako akija nitamwambia hayohayo. Mmetuvuta huku na huku kama mbwa wawili na ngozi. Nani kati yenu aliwahi kuuliza ngozi ni ya nani?"

Gedvilas aliamuru akamatwe. Askari wake wakaangaliana, na hakuna aliyenyoosha mkono. Walimpisha mzee apite, na yule aliyevua kofia akamfuata.

Waliwazika chini ya kisiki, watu watatu: Girdenis, Vaidote na yule askari, ambaye hakuwa ndugu wa nyuki lakini alitia udongo. Kisha Girdenis akaingia kinamasini, maji yakamfika kiunoni, akashika jiwe la kwanza la njia ili aling'oe.

Vaidote akamuuliza, "Siku wakija kutuua, sisi tutakimbilia wapi?"

"Hatukimbii tena, mke wangu."

Vaidote akakunja sketi yake, akaingia majini, akashika upande wa pili wa jiwe.