Mbuzi Aliyeletwa kwa Mama wa Hakimu

Binti yangu alipokuwa hakimu Kitui, mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa na kesi ya shamba mbele yake. Akaniletea mbuzi.

"Mama Hakimu, hizi ni salamu tu."

"Salamu zina pembe siku hizi?"

Akacheka, akamfunga mlangoni kwangu, akaenda. Jumapili, yeye mwenyewe akinadi sadaka za mavuno nje ya kanisa, nikamvuta yule mbuzi hadi mbele ya watu.

"Shika mbuzi wako. Binti yangu hanunuliwi."

"Mama, watu wanasikia!"

"Ndiyo maana sikumleta kwako nyumbani."

Akashika kamba. Wazee wenzake wakaniambia nimwombe msamaha. Nikakataa, na Jumapili iliyofuata nikakaa benchi ya mbele.