Kuku Aliyegeuza Shingo

Mimi jambo likinikereketa situlii. Safari hii lilikuwa kuku.

Ofisi ya utamaduni ilikuwa inaandaa njia ya urithi ya bibi yangu, mzaa baba, mwanamke wa kwanza huku kwetu kuchora picha kwenye kuta za nyumba. Mgeni angeanzia kanisani, ambako bibi alichora kuku na vifaranga kwenye ukuta wa saruji, kisha amalizie nyumbani kwetu Kinyangiri, kwenye ukuta wa udongo wa jiko la mama. Nyumba nyingine alizochora zilishabomolewa zote. Mimi ndiye niliyeupiga picha ukuta wetu nikawatumia, nikaandika kwa mbwembwe: kazi ya mwisho ya bibi.

Sasa, kuku wa kanisani anatazama mbele. Wa jikoni kwetu amegeuza shingo nyuma. Kwa nini? Nilijiambia uzee ulimbadilisha bibi, labda alikuwa anakumbuka watoto wake. Nilikuwa na maelezo marefu, jamani, utadhani nimesomea.

Siku ya afisa kuja kukagua, nilifika asubuhi kutoka Singida mjini. Nikamkuta mama kajifunga kanga kiunoni, mikono imejaa udongo, na ukuta mzima ni mwekundu, umelowa, hauna hata unyoya wa kuku.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimekandika. Si tumeshavuna? Ulitaka wageni wakute ukuta umepasukapasuka, waniseme?"

Nililia kwa hasira, mtu mzima mimi. Nikamwambia amemfuta bibi, amefuta kitu pekee alichotuachia, na kibao cha jina lake kimeshachongwa. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Bibi yako ana miaka mingapi kaburini?"

"Tisa."

"Na ukuta huu tunaukandika lini?"

"Kila mwaka, tukishavu..."

Nimekulia nyumba ile. Udongo ule nimeubeba kichwani mwenyewe, mavuno baada ya mavuno, na bado akili haikunifikisha huko.

"Nilikuwa namrudishia kuku wake tu," mama alisema. "Mnakuja Krismasi mnataka kumwona. Ningewaachia ukuta mtupu?"

"Na shingo?"

Akacheka kwa aibu. "Ya kutazama mbele ilinishinda, mwanangu. Ya kugeuka ndiyo naiweza."

Afisa alipofika alimwamkia mama shikamoo, akautazama ukuta, kisha akanitazama mimi. Nilimweleza yote, huku nikijua kwamba kwa maneno yangu mwenyewe naiondoa nyumba yetu kwenye njia. Halafu akamuuliza mama picha inachorwa ukuta ukishakauka au vipi.

"Ukikauka rangi haishiki," mama alijibu. Alikuwa ameshaanza kutafuna ncha ya kijiti ili iwe laini kama brashi.

Afisa akaweka mkoba chini, akavuta kigoda. "Kibao kitasubiri," akasema. "Nataka kuona."

Nikachuchumaa karibu na mama, nikamshikia bakuli la rangi ya majivu. Mkono wake ulipanda ukutani bila kusita. Miaka tisa nilisimama mbele ya ukuta ule nikimsifu bibi, na mama yupo hapohapo nyuma yangu, ananikorogea uji.